Mkurugenzi wa Bendera Mbili

Sikumpenda mtu huyu, na sitaki kuanza kwa kujisingizia kwamba nilimpenda. Wapo watu ambao ukiwakumbuka moyo unalainika wenyewe, hata kama walikukosea. Yeye si mmoja wao. Kitu cha kwanza kinachonijia ni koti lake la sufu, rangi ya tumbaku iliyokauka, alilolivaa hata Oktoba ya Tabora, mwezi ambao mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kola, naye akilifuta kwa leso na kusema kwamba mtu aliyezoea baridi ya Ulaya hawezi kuachana na koti. Ulaya hiyo aliiona lini, hakuna aliyejua. Kwao ni wapi na alizaliwa na nani, hayo nawaachia wanaopenda kufukua. Mimi nilifanya kazi chini yake miaka sita, na miaka sita ni mingi.

Tulimwita Mkurugenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakichongesha kwenye kibao cha mninga na kukiweka mezani, kikiwatazama wageni. Shule yake ilikuwa mtaa wa Isevya, katika nyumba ya zamani ya mchuuzi wa asali na nta. Siku za joto kuta zilitoa harufu ile ile ya zamani, na nyuki walikuja kukagua madarasa. Palikuwa na vyumba saba, ua mmoja wa mchanga, na choo cha shimo nyuma. Getini paliandikwa kwa herufi kubwa: shule ya awali na msingi ya lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakikuonekana popote isipokuwa ukutani upande wa nje, palipoandikwa "Usikojoe hapa".

Katikati ya ua ulisimama mlingoti. Jumatatu na Jumatano ilipanda bendera nyekundu, nayo ilikuwa siku ya Kifaransa. Jumanne na Alhamisi ilipanda ya bluu, siku ya Kiingereza. Bendera zote mbili zilishonwa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye pia alishona sare zetu, na ambaye binti yake Zuhura alikuwa darasani kwangu. Bendera ikishapanda, lugha yake ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuanzia getini mpaka chooni. Ijumaa mlingoti ulibaki mtupu, kwa sababu nusu ya shule ilikwenda msikitini, na hapo ndipo nilipopewa dakika arobaini za kufundisha Kiswahili. Siku nyingine zote nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na mlinzi wa bendera kama wenzangu.

"Kichwa cha mtoto," alikuwa akisema, vidole viwili hewani, "ni nyumba ya vyumba viwili. Ukimleta mpangaji wa tatu, mmoja atalala nje." Aliwaambia hivyo wazazi, akawaambia maofisa, siku moja nilimsikia akimwambia muuza mkaa aliyekuja kuuliza kama tunahitaji gunia. Msemo huu ulimkaa mdomoni kama kijiti cha meno. Nami nilikuwa namtazama nikijiuliza kama kweli hajawahi kumsikiliza mtoto wa Isevya. Mtoto wa Isevya anaongea Kinyamwezi na bibi yake, Kiswahili na wenzake, na alasiri anakwenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani kwa Kiarabu. Anaingia shuleni akiwa na vyumba vitatu tayari, vyote vina watu, na uani anafuga kuku. Mji huu ulipokea misafara ya watu wa kila namna. Wazee wetu walibeba mizigo mpaka pwani wakarudi na maneno ya watu kama walivyorudi na shanga, wala hakuna aliyewahesabia vyumba. Akaja yeye na koti lake kutufundisha kwamba vichwa vyetu ni vidogo.

Shikamoo aliipiga marufuku. Alisema ni salamu ya kinyonge. Watoto wakirudi nyumbani walisimama wima mbele ya bibi zao na kutamka "bonjuu", na bibi wa Isevya, ambaye hajawahi kushindwa kuitikia salamu ya mtoto, alijibu "Marahaba, mjukuu wangu" akaendelea kuchambua mchicha. Wazazi wao walikuja getini asubuhi na kukuta bendera nyekundu. Kwa kuwa hawakuwa na neno hata moja la siku hiyo, walituinulia mkono tu, sisi tukawainulia wetu, wakaondoka. Watu waliosalimiana kila siku ya Mungu kwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za wajomba kijijini Ziba, wakawa wanapungiana kama walioko ng'ambo mbili za mto. Na walifurahi! Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Walikwenda mjini kutamba kwamba shule ya watoto wao ina kanuni.

Sasa niseme Kifaransa chenyewe kilivyofundishwa, maana mtu wa mbali hawezi kuamini. Walimu tulikuwa wanane na hakuna hata mmoja aliyejua. Kila Jumatatu na Jumatano tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukakaa ofisini kwake kwenye benchi kama watoto wa awali, naye akatufundisha sentensi kumi kutoka kwenye daftari lake kubwa la jalada gumu. Tulizirudia mpaka tukazishika. Saa mbili kamili tukaingia madarasani na kuzifundisha zile zile kumi. Tuliwazidi watoto kwa saa moja na nusu tu. Mtoto akiuliza la kumi na moja, tulimwambia lile neno la kunyamaza, ambalo tulilijua wote vizuri sana.

Na sentensi zenyewe! Songa mbele. Kaa chini. Simama kwenye mstari. Mko wangapi? Jina la baba? Onyesha mkono. Anayefuata. Usisukume. Rudi kesho. Mwaka wa kwanza nilidhani ndivyo Wafaransa walivyo, watu wa amri. Watoto wetu walizitamka kwa sauti kali na vifua mbele, na kwenye mahafali darasa la tatu liliigiza mchezo mzima ambao ndani yake hakuna aliyemwambia mwenzake jambo lolote isipokuwa asogee. Wazazi walipiga makofi na vigelegele.

Siku hiyo ya mahafali alikuwepo sista mmoja wa Kongo, mgeni aliyefikia kwa watu wa seminari ya Kipalapala, akaletwa na mzazi mmoja ili apate kusikia lugha yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akaniinamia sikioni. "Mwalimu, aba batoto, nani alibafundisha?"

Nikamwonyesha Mkurugenzi, aliyekuwa akipokea pongezi.

"Banasema sawa batu benye kungoja posho ku kambi ya bakimbizi," alisema. Hakucheka. Alikuwa na huzuni usoni.

Alipokwenda kumsalimia, Mkurugenzi alijikuta ana Kiingereza kingi ajabu. Ilikuwa ndiyo tabia yake. Ofisa aliyejua Kiingereza alizungumzishwa Kifaransa. Aliyekuja na Kifaransa alipewa Kiingereza. Na aliyejua vyote viwili aliambiwa kwamba Mkurugenzi ameumwa koo. Mwaka mmoja baadaye, nikitafuta chaki kwenye kabati lake, nilikuta kizibao cha bluu kilichofifia, cha aina wanayovaa wafanyakazi wa kambi za wakimbizi kule Kigoma, na chini yake karatasi za orodha, majina na idadi ya watu wa kila kaya. Nikaelewa. Ulaya yake ilikuwa meza ya mbao mbele ya foleni. Alikaa pale miaka sijui mingapi akiwaambia watu wenye njaa wasisukumane, na alipoondoka akabeba sentensi hizo, akazijengea shule. Nilirudisha kizibao mahali pake. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nikisema alikuwa debe tupu tu nitakuwa nimedanganya, na kwenye habari hii uongo umeshatosha. Hakupiga mtoto. Katika miaka sita sikumwona ameshika fimbo, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nayo nyuma ya mlango. Aliwajua watoto wote kwa majina, na majina ya bibi zao, labda kwa sababu ya ile kazi ya orodha. Jumamosi alikuja bila koti, akavaa ndala, akasafisha choo cha watoto kwa majivu na maji, mwenyewe, akidhani hakuna anayemwona. Nilimwona mara tatu. Ningeweza kumheshimu kwa hilo, lakini Jumatatu koti lilirudi, na vidole viwili vikarudi hewani, na heshima ikanitoka.

Kitu alichojivunia kuliko Kifaransa ni ukimya. Siku za bendera nyekundu shule yetu ilikuwa kimya kama makaburini. Watoto mia na zaidi, mapumziko, hakuna kelele. Walikimbia kimya, walianguka kimya, walilia kimya. Wapita njia walisimama nje ya ukuta kushangaa. Ofisa mmoja wa elimu aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba hajawahi kuona nidhamu ya namna hiyo, na Mkurugenzi akakifungua kitabu hicho ukurasa ule kwa kila aliyeingia. Haikuwa nidhamu. Walikuwa hawana maneno. Sisi walimu tulijua, nao wenyewe walijua. Wazazi walikwenda nyumbani wakiamini ukimya ndio Kifaransa chenyewe.

Nakuja sasa kwa Zuhura, ambaye ndiye sababu ya kuandika haya yote.

Alikuwa na miaka saba, mwembamba, mwepesi wa hesabu, mwenye maswali ya Ijumaa yasiyokwisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu ya Oktoba, joto la kabla ya mvua, wakati ambao nge wanatoka kwenye mawe ya vyoo. Bendera nyekundu ilikuwa juu. Ofisa mwingine alitarajiwa asubuhi hiyo, na Mkurugenzi alikuwa amesimama dirishani kwake akiangalia geti. Mimi nilikuwa zamu barazani. Nilikuwa nimeshaonywa mara mbili muhula ule kwamba nachafua siku za Kifaransa kwa kuwasemesha watoto Kiswahili, na onyo la tatu lilikuwa la kuondoka. Nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili, na kazi nyingine sina.

Zuhura alikuja kutoka upande wa choo. Alikuwa akikanyagia kisigino. Akasimama mbele yangu, akanivuta upindo wa kitenge, akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, nge."

Nilimsikia. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu sikulisema nilipotakiwa kulisema. Nilimsikia vizuri sana. Nikatazama dirishani, nikamwona Mkurugenzi anatutazama. Nikanyoosha kidole juu, kwenye bendera.

Alitazama bendera. Midomo yake ilicheza kidogo. Alikuwa anatafuta neno kwenye yale tuliyompa. Songa mbele, kaa chini, mko wangapi. Nge hatukufundishwa, na kama hatukufundishwa sisi saa kumi na mbili na nusu, yeye angelitoa wapi? Akageuka, akaenda darasani akakaa. Dirishani Mkurugenzi aliniinulia kidole gumba.

Baada ya nusu saa hivi jirani yake wa dawati alikuja kunishika mkono na kunivuta, naye bila neno. Nilimkuta Zuhura analowa jasho, mate yanamtoka, macho yanazunguka. Hapo bendera nikaisahau. Nilipiga kelele kwa Kinyamwezi, lugha ambayo sikuwahi kuitumia pale. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimembeba, mpaka hospitali. Alilala huko siku tatu. Usiku wa kwanza daktari hakutuahidi kitu. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba uji.

Mkurugenzi aliitisha mkutano wa wazazi. Nilidhani siku hiyo wataipasua bendera. Kumbe sikuwajua watu wa kwetu. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wakamsikiliza akisema kwamba bahati mbaya haina lugha, kwamba mtoto hakusema kitu kwa mtu yeyote, na kwamba mtoto asiposema hata malaika hawezi kumsaidia. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja alisema kweli, watoto wengine wazito. Walichoogopa ni shule kufungwa, na bonjuu zao kufa.

Kisha Fundi, baba yake Zuhura, akasimama. Alikuwa na futi yake ya kitambaa bado imemning'inia shingoni.

"Mkurugenzi mimi simuulizi," alisema. "Huyu maneno yake ni mengi. Namuuliza Madamu. Wewe ni mtoto wa hapa hapa, mzee wako tuliswali naye safu moja. Ulikuwa zamu. Zuhura alikwambia kitu?"

Mkurugenzi alinitazama.

"Sikumsikia akisema kitu, Fundi," nikasema.

"Basi," alisema Fundi, akakaa.

Hivyo ndivyo tulivyomtwika mtoto wa miaka saba kosa letu. Jina lilianza wiki ile ile. Zuhura Bubu. Watoto walianza, wakubwa wakapokea. Baba yake alimhamishia shule ya serikali, jina likamtangulia kufika. Sokoni mama aliyechoshwa na mwanawe aliyenuna alisema, "Sema basi, au na wewe unataka kuwa kama yule wa Fundi, kaumwa na nge akakaa." Alikuwa anaongoza darasani kwa hesabu na bado walimwita hivyo. Baba yake mwenyewe nilimsikia akimwambia mteja, "Huyu wangu akili anayo, ila ni mzito wa kinywa." Na yote hayo neno langu moja lingeyamaliza.

Nikasema moyoni kwamba wa kulaumiwa ni Mkurugenzi. Bendera yake, kanuni yake, dirisha lake. Nilimchukia kwa lile jicho la mkutanoni, nikaliona ni jicho la mtu anayenipongeza kwa uongo wangu. Chuki ile ilinilisha miaka. Nilipomwona anapita na koti nilitema mate pembeni. Nilizisimulia hadithi zake kila arusi, ya sista, ya kizibao, ya koo linaloumwa ghafla, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna mtu Isevya aliyemchana vizuri kuliko mimi. Ya Zuhura sikuisimulia.

Shule ilikufa yenyewe. Ilifunguliwa nyingine yenye basi la njano linalomfuata mtoto mlangoni, na wazazi wale wale waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya bendera wakahama wote kwa muhula mmoja. Mimi nikapata nafasi kwingine. Mkurugenzi alibaki, akafungua meza barazani kwa mwenye fotokopi, na huko anawajazia watu fomu. Za kitambulisho, za kiwanja, za mkopo wa pembejeo. Jina la baba? Mko wangapi? Anayefuata. Safari hii anauliza kwa Kiswahili, na nasikia ni hodari.

Mwaka huu, likizo ya Juni, nilikuwa foleni ya maji bombani. Mama kijana mbele yangu alimtikisa mwanawe aliyekuwa akilia bila kusema sababu. "We Zuhura Bubu nini? Sema!" Mama yule si wa mtaa wetu, wala hakuwepo miaka ile, na Zuhura mwenyewe hamjui. Kwake lilikuwa neno tu, kama kusema zezeta. Niliacha ndoo yangu pale pale. Nilisema leo nakwenda kwa Fundi.

Lakini nilipita kwanza kwa Mkurugenzi. Sikupita kwa wema. Nilitaka aogope. Nilitaka nimwone jasho linamtoka kwa sababu nyingine mbali na koti.

Nilimkuta anamjazia bibi mmoja fomu. Alimaliza taratibu, akampa kalamu aweke alama, akamwambia, "Shikamoo, mama, nenda salama." Nikashangaa, lakini sikuonyesha.

"Karibu, Madamu. Kaa."

"Sikai. Nakwenda kwa Fundi. Namwambia kwamba Zuhura alisema siku ile."

Alikunja karatasi, akaiweka chini ya jiwe isipeperuke. "Nilishamwambia," alisema.

"Ulimwambia nani?"

"Fundi. Mwaka ule ule, lilipoanza lile jina. Nilikwenda jioni moja, nikakaa kwenye benchi lake. Nikamwambia mtoto alikuja dirishani kwangu, akasema nge, na mimi nikamwonyesha bendera."

Nilikaa. "Kwako? Hakuja kwako."

"Najua alikwenda kwa nani, Madamu. Nilikuwa dirishani."

"Kwa hiyo ulijua. Na mkutanoni ukasema hakusema kitu."

"Nilisema hivyo kuiokoa shule. Wewe ulisema kuiokoa nini, hilo sikukuuliza." Akafuta paji la uso. "Baadaye sikulala. Nikaona basi niseme, lakini wewe ulikuwa na watoto wawili. Nikajitia mimi. Kanuni ilikuwa yangu hata hivyo."

Mtu unayemcheka naye anapata siku ya kukunyang'anya kicheko. Nilijaribu kumdharau hata hapo, nikasema moyoni kwamba kama kawaida yake amechukua kisicho chake akajivika. Haikusaidia.

"Fundi alisemaje?"

"Hakuniamini." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Alisema Madamu ni mtoto wa hapa, kasema hakusikia, na mimi mji mzima unajua ni mwongo. Kisha akamwita binti. Alikuwa ndani, akaja. Akamuuliza mbele yangu: Zuhura, ni kweli siku ile ulikwenda kumwambia huyu?"

"Akasemaje?"

"Akasema hapana. Angesema nini? Hakuniambia mimi. Alisema kweli. Baba yake akasema umeona, akanionyesha njia. Mtoto akanitazama. Hakuulizwa kama alimwambia mwingine, naye hakusema."

Mwenye duka alikuwa akitoa nakala za mtu, mashine inavuma. Nilisubiri inyamaze na haikunyamaza. Nikasimama.

"Madamu," alisema, "ukimwambia ni wewe, mimi nitaonekana mwongo."

"Umeonekana siku nyingi," nilimwambia, nikaondoka.

Alinifuata. Sikumwita. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu mtaa mzima, hatua kumi hivi, hakunikaribia wala hakubaki. Tulipofika barazani kwa Fundi alisimama barabarani juani, na koti lake.

Fundi alikuwa anakata kitambaa. Zuhura alikuwa kwenye cherehani, amekua, yuko kidato cha pili, anakunja pindo la sketi ya sare ya mtu.

"Shikamoo, Madamu," alisema.

"Marahaba." Nikamgeukia baba yake. "Fundi, uliniuliza swali kwenye mkutano, nikakudanganya. Zuhura alisema. Aliniambia mimi. Nilimsikia, nikamwonyesha bendera."

Fundi aliweka mkasi mezani. Alinitazama mimi, akamtazama yule aliyesimama barabarani, akanirudia tena mimi. Kisha akamgeukia binti yake, polepole, kama mtu anayeogopa atakachokikuta.

Zuhura alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Mkono wake ulibaki kwenye gurudumu.

"Mara mbili," alisema. "Nilikwambia mara mbili, Madamu. Ya pili nilikuwa nimeshaitazama bendera."